Ndui Ilifia Merca

Mzee akikunja mikono ya shati lake ili anawe kabla ya kula, aghalabu utaona kovu la mviringo mkononi mwake, mahali ambapo ngozi imebonyea kama iliyopigwa muhuri. Kijana aketiye karibu naye halijali. Yeye naye ana kovu lake la chanjo ya kifua kikuu, basi hudhani kwamba makovu yote ni mamoja. Sivyo. Kovu la mzee yule ni la ndui, na kijana hana kovu hilo kwa sababu moja tu: alipozaliwa yeye, ndui ilikuwa imekwisha kutoweka duniani.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari ya kovu hilo. Ndui ndio ugonjwa wa kwanza wa binadamu, na mpaka sasa ndio wa pekee, uliofutwa kabisa kwa jitihada za watu. Vitabu vingi vikieleza habari hiyo humtaja daktari mmoja au wawili, kisha hufunga ukurasa. Sisi twaona hadithi hiyo ni pungufu. Ukiifuata tangu mwanzo hata mwisho utakuta ndani yake mtumwa, msichana mkamaji wa ng'ombe, watoto yatima, mtoto wa kijijini na mpishi wa hospitali. Bila ya hao madaktari wasingalifika mbali. Tena twaisimulia kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotugusa sisi tulio na watoto wa kupelekwa kliniki, na jambo hilo tutalifikia mwishoni.

ADUI MWENYEWE

Ndui ilianza kwa homa kali ya ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa na ya mgongo. Baada ya siku chache vipele vilitokea usoni, mikononi na miguuni, hata katika viganja na nyayo. Vipele vikajaa maji, maji yakageuka usaha, kisha vikakauka na kuacha mashimo katika ngozi. Katika kila watu 10 waliopatwa na ndui ile kali, 3 hivi walikufa. Na miongoni mwa waliopona wako waliobaki vipofu. Dawa ya kuiponya haikuwapo. Mgonjwa aliuguzwa tu, na jamaa zake wakangoja.

Wala ndui haikuwa na upendeleo. Mwaka wa 1520 ilimwua Cuitláhuac, mtawala wa Waazteki katika nchi ya Meksiko, pamoja na raia zake wengi wasio na hesabu, baada ya kuletwa huko na Wahispania. Mwaka wa 1694 ilimwua Malkia Mary wa Pili wa Uingereza, na mwaka wa 1774 ikamwua Mfalme Louis wa Kumi na Tano wa Ufaransa katika jumba lake la Versailles. Katika bara letu la Afrika ya Mashariki, misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara na kurudi ilibeba shanga, nguo na pembe za ndovu, na aghalabu ilibeba ndui pia. Inakisiwa kwamba katika karne ya 20 peke yake ndui iliua watu wapatao milioni 300, ingawa ilimalizika kabla karne hiyo haijafika mwisho wake.

Lakini adui huyu alikuwa na udhaifu wake, na yafaa kuutaja sasa, maana ndio uliomponza. Kwanza, virusi vya ndui viliishi katika mwili wa mwanadamu tu. Havikuwa na maficho katika mnyama wala mbu wala maji. Pili, mgonjwa hakuweza kujificha, kwa kuwa ugonjwa uliandikwa usoni pake. Tatu, mtu hakuanza kuambukiza wenziwe mpaka alipokwisha kuugua. Nne, aliyepona mara moja ni nadra sana kuugua tena. Basi kama watu wangeweza kumzuia mgonjwa wa leo asimpe mwenziwe wa kesho, ndui ingekosa pa kwenda, nayo ingekufa.

MTUMWA ALIYEMFUNDISHA BWANA WAKE

Mwaka wa 1706 waumini wa kanisa moja la mjini Boston, katika makoloni ya Waingereza ambayo baadaye yakawa Marekani, walimpa mchungaji wao, Cotton Mather, zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa mtu. Mather akamwita mtu huyo Onesimus, kwa jina la yule mtumwa atajwaye katika Waraka wa Paulo kwa Filemoni. Jina alilopewa na wazazi wake huko Afrika halikuandikwa.

Mather alimwuliza mtumwa wake kama amepata kuugua ndui. Onesimus akajibu kwa namna ya fumbo, kwamba aliugua na hakuugua. Akaeleza kuwa kwao Afrika watu huchukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, wakautia katika mchanjo mdogo mkononi mwa mtu asiye mgonjwa. Mtu huyo huugua kidogo, kisha ndui haimpati tena. Akamwonyesha na kovu lake. Mather aliwauliza Waafrika wengine waliokuwa mjini, nao wakasema yale yale. Mwaka wa 1716 akaandika habari hizo kwa jamii ya wataalamu huko London. Hazikuwa habari ngeni katika dunia, maana Wachina, Wahindi na Waturuki nao walikuwa na njia za namna hiyo, na mwaka wa 1718 Bibi Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika nchi ya Waturuki, alimchanja mwanawe huko huko. Lakini katika Boston aliyefungua mlango alikuwa mtumwa.

Mwaka wa 1721 ndui ikaingia mjini Boston. Mather akawasihi madaktari wajaribu njia ile, nao wakakataa, isipokuwa mmoja, Zabdiel Boylston. Huyo tarehe 26 Juni alimchanja mwanawe mwenyewe mwenye umri wa miaka 6, pamoja na watumwa wake wawili, mtu mzima na mtoto mdogo. Watumwa hao hatudhani kwamba waliulizwa. Mji ukachafuka. Wako waliosema kuwa ni kupimana nguvu na Mungu, na wako waliodhihaki kwamba maneno ya Waafrika si ya kuaminiwa na watu wenye elimu. Mwezi wa Novemba usiku mtu alitupa bomu nyumbani kwa Mather kupitia dirishani. Kwa bahati halikulipuka.

Hata ugonjwa ulipopungua, hesabu ilifanywa. Watu karibu 6,000 walikuwa wameugua ndui kwa njia ya kawaida, na zaidi ya 800 katika hao walikufa. Boylston alikuwa amewachanja watu wapatao 240, na waliokufa ni 6. Kelele zilikuwa nyingi, lakini hesabu ilikuwa moja, nayo ilikuwa upande wa Onesimus.

MKAMAJI WA NG'OMBE

Hata hivyo njia ile ilikuwa na hatari zake. Usaha uliotumika ulikuwa wa ndui yenyewe, na mtu aliyechanjwa aliweza kumwambukiza jirani yake. Njia iliyo salama zaidi ilitoka zizini.

Katika mashamba ya Uingereza watu waliokama ng'ombe waliambukizwa mara kwa mara ndui ya ng'ombe, ugonjwa mdogo uletao malengelenge mikononi na kupona wenyewe. Wakamaji hao walikuwa wakisema kwamba aliyepata ndui ya ng'ombe haipati ndui ya watu. Mwaka wa 1774 mkulima mmoja, Benjamin Jesty, aliyaamini maneno hayo, akamchanja mkewe na wanawe wawili kwa ndui ya ng'ombe.

Daktari aliyelipima jambo hilo kwa utaratibu na kulitangaza ni Edward Jenner, wa mji mdogo wa Berkeley. Tarehe 14 Mei, 1796, alichukua majimaji katika lengelenge la mkono wa Sarah Nelmes, msichana mkamaji, aliyekuwa ameambukizwa na ng'ombe wake aitwaye Blossom. Akayatia katika mkono wa mtoto wa miaka 8, James Phipps, mwana wa mtunza bustani wake. Tarehe 1 Julai akamchanja mtoto huyo kwa ndui yenyewe, naye hakuugua. Twasema wazi kwamba leo jaribio la namna hiyo juu ya mtoto wa maskini lisingeruhusiwa, na ni vema lisiruhusiwe. Lakini yaliyopatikana yaliwafaa watu wote.

Wataalamu wa London walilikataa andiko lake la kwanza, naye akalichapisha kitabu kwa gharama yake mwaka wa 1798. Ndipo uvumi ukaanza. Mwaka wa 1802 ilichapwa picha ya dhihaka iliyowaonyesha watu waliochanjwa wakiota vichwa vya ng'ombe usoni na mikononi. Msomaji asidhani, basi, kwamba uvumi juu ya chanjo ni jambo la siku hizi lililoletwa na simu za mkononi. Uvumi una umri sawa na chanjo yenyewe. Kilichobadilika ni mwendo wake tu.

YATIMA BAHARINI

Palikuwa na taabu nyingine. Siku zile hapakuwa na barafu wala chombo cha kuhifadhi chanjo, nayo ikiharibika kwa siku chache tu ingevukaje bahari? Mwaka wa 1803 Wahispania walipata njia ambayo hata leo hutufanya tunyamaze kidogo. Daktari Francisco Javier de Balmis aliondoka katika bandari ya La Coruña na watoto wa kiume 22, wengi wao yatima. Watoto wawili wawili walichanjwa kwa zamu. Malengelenge yao yalipoiva, majimaji yakatiwa katika mikono ya wawili wengine, na hivyo chanjo ikavuka bahari ya Atlantiki ikiwa hai katika miili ya watoto. Aliyewalea safarini ni Bibi Isabel Zendal, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya yatima. Kutoka Amerika chanjo ikapelekwa hata visiwa vya Ufilipino kwa njia ile ile, ikibebwa na watoto wengine.

Yatima hawa hawakuvumbua kitu, wala hawakuchagua. Lakini watu wengi wa nchi za mbali waliokoka kwa sababu ya mikono yao.

KUFYEKEA MOTO

Miaka zaidi ya mia moja na hamsini ilipita, na ndui ikafukuzwa katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Katika Asia, Afrika na Amerika ya Kusini iliendelea kuua. Mwaka wa 1958 mjumbe wa Urusi ya Kisovieti, Daktari Viktor Zhdanov, alisimama mbele ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani akataka ugonjwa huo ufutwe katika dunia nzima. Kazi ya nguvu ilianza mwaka wa 1967, ikiongozwa na Mmarekani, Daktari Donald Henderson. Katika mwaka huo bado inakisiwa kwamba watu milioni 10 hadi 15 waliugua. Mataifa mawili makubwa yaliyokuwa yakitishana kwa mabomu yalikubaliana katika jambo hili moja, wakatoa chanjo na fedha na watu. Laiti yangekubaliana katika mengi zaidi!

Vyombo viwili vidogo vilirahisisha kazi. Cha kwanza ni chanjo kavu iliyostahimili joto la nchi zetu, isiyohitaji kubebwa katika barafu mpaka kijijini. Cha pili ni sindano fupi yenye ncha mbili, iliyochovywa katika dawa kisha ikadonoa ngozi mara 15 upesi upesi. Kwa sindano hiyo dawa ya mtu mmoja ikatosha watu wanne, na mtu yeyote mwangalifu aliweza kufundishwa kuitumia katika muda mfupi, hata kama hakusoma sana.

Lakini lililofaa zaidi ya vyombo ni shauri. Mwanzoni ilifikiriwa kwamba hapana budi kumchanja kila mtu, au karibu kila mtu. Mwezi wa Desemba, 1966, mashariki ya Nigeria, daktari mmoja wa misheni, Mmarekani aitwaye William Foege, alipata habari ya ndui katika upande wa Ogoja. Chanjo aliyokuwa nayo haikutosha watu wote. Akawaita wamisionari wa sehemu zile kwa redio, akawaomba wapeleke wajumbe katika kila kijiji waulize wapi pana ndui. Habari zikarudi upesi. Badala ya kuitawanya chanjo kidogo kidogo kila mahali, akawachanja waliowazunguka wagonjwa, na wale wa mahali ambapo ugonjwa ulielekea kufika. Ndui ikasimama.

Kila mkulima wetu analijua shauri hili. Moto ukishika mbugani huwezi kulowesha mbuga nzima. Wenye akili hutazama moto ulipo na upepo uendako, wakafyeka majani mbele yake, nao moto ukifika hapo hukosa cha kula.

Lakini ili moto ufyekewe, sharti mtu aseme wapi umeshika. Kwa hiyo kazi ikawa ya kuuliza na kusema kweli. Katika India na Bangladesh wafanyakazi walikwenda nyumba kwa nyumba na kadi yenye picha ya mtoto mgonjwa wa ndui, wakiuliza: umemwona mtu wa namna hii? Atakayetoa habari ya kweli aliahidiwa zawadi. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ile kali kwa njia ya kawaida alikuwa mtoto mdogo, Rahima Banu, wa kisiwa cha Bhola katika Bangladesh, mnamo Oktoba 1975. Aliyetoa habari zake ni msichana wa miaka 8, Bilkisunnessa, naye akapewa taka 250. Mtoto huyo aliona, akasema, na Bara la Asia likapumua.

MPISHI WA MERCA

Sasa ikabaki Pembe ya Afrika, na aina nyepesi zaidi ya ndui. Mwaka wa 1977 watu zaidi ya 3,000 waliugua katika Somalia. Kazi ilikuwa ngumu, kwa kuwa wafugaji huhama na mifugo yao, na katika mwaka huo huo Somalia na Ethiopia walikuwa vitani.

Merca ni mji wa bandari kusini ya Mogadishu, katika pwani ile ile ishukayo Barawa na kufika Lamu. Katika hospitali ya mji huo alikuwapo mpishi mwenye umri wa miaka 23, Ali Maow Maalin. Tarehe 12 Oktoba, 1977, gari lilifika pale likiwa na watoto wawili wagonjwa wa ndui, waliotoka katika kambi ya wafugaji. Dereva aliuliza njia. Bwana Ali, kama ilivyo desturi ya mtu mwungwana, hakuonyesha kwa kidole tu. Alipanda garini akawapeleka. Safari hiyo ilikuwa ya dakika chache. Mmoja wa watoto hao, msichana wa miaka 6, alifariki baadaye.

Na hapa ndipo penye jambo la kutazamwa. Bwana Ali alikuwa mfanyakazi wa hospitali. Tena kwa muda alikuwa amefanya kazi katika kampeni yenyewe ya kuchanja ndui. Alikuwa amewaona watu wakichanjwa, na alijua sababu yake. Lakini yeye mwenyewe hakuchanjwa. Alieleza baadaye kwamba aliiogopa sindano, akidhani yauma. Chanjo ilikuwa karibu naye kuliko chumvi ya jikoni mwake, naye aliipisha.

Baada ya siku kumi alishikwa na homa. Akadhaniwa ana malaria, akatibiwa malaria. Tarehe 26 Oktoba vipele vikatokea, ikadhaniwa ni tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Naye kwa hofu ya kutengwa hakujitangaza. Huko nyumbani rafiki na jamaa walikuja kumjulia hali, kama watu wema wafanyavyo. Kama ndui ingalipata mtu mmoja tu miongoni mwa wageni hao asiye na kinga, mnyororo ungaliendelea.

Aliyeukata ni muuguzi wa kiume aliyemfahamu, ambaye alikwenda kutoa taarifa. Mara wafanyakazi wa afya wakamtenga Bwana Ali, wakatafuta kila mtu aliyeonana naye, wakapata watu 161. Hospitali ya Merca ikafungwa kwa wagonjwa wapya, vizuizi vikawekwa katika njia za kuingia na kutoka mjini, na wachanjaji wakaenda nyumba kwa nyumba. Katika muda wa majuma mawili watu 54,777 walichanjwa. Kisha wakangoja. Hakuugua mtu mwingine hata mmoja.

Bwana Ali alipona. Tarehe 26 Oktoba, 1979, miaka miwili kamili tangu vipele vyake kutokea, ilitangazwa mjini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina ndui tena. Tarehe 8 Mei, 1980, mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukatangaza kwamba dunia nzima haina. Kati ya tarehe ile ya Merca na tangazo hilo ndui iliua mtu mmoja tu zaidi, naye hakuipata njiani wala sokoni. Alikuwa mpiga picha wa chuo cha udaktari cha Birmingham, Uingereza, mwaka wa 1978, katika jengo ambamo virusi vilikuwa vikifanyiwa uchunguzi. Tangu hapo nchi zikaacha kuichanja ndui, kwa kuwa chanjo yenyewe iliweza kuwadhuru watu wachache, na hapakuwa tena na sababu ya kuihatarisha afya ya mtu hata mmoja. Virusi vilivyohifadhiwa vimebaki mahali pawili tu, Atlanta katika Marekani na Koltsovo katika Urusi, chini ya ulinzi.

MAISHA YAKE YA BAADAYE

Wengi hukomea hapo. Lakini twaona kwamba sehemu iliyo bora ya maisha ya Bwana Ali ilikuja baadaye. Somalia iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na polio ikawa inalemaza watoto. Bwana Ali akajitolea katika kazi ya kupeleka chanjo ya polio. Alipokutana na wazazi waliokataa, hakuwahubiria mambo ya vitabuni. Aliwasimulia habari zake mwenyewe: mimi ndimi niliyeikimbia sindano, na haya ndiyo yaliyonipata. Alikiri kosa lake mbele za watu, mwaka baada ya mwaka, ili watoto wa wengine wapone. Mwaka wa 2008 ikatangazwa kwamba Somalia imeshinda polio.

Mwaka wa 2013 polio ikaingia tena nchini mwake, naye akarudi kazini. Katika kazi hiyo aliugua homa, na tarehe 22 Julai, 2013, akafariki. Safari hii ilikuwa malaria kweli. Mtu ambaye ndui ilishindwa kumwua aliuawa na ugonjwa wa kila siku, ule ule tuuzoeao hata tukauita homa tu. Miaka sita baada ya kifo chake, mwaka wa 2019, chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto katika Kenya, Malawi na Ghana.

NENO LETU

Sasa twafikia jambo tulilolisema mwanzoni. Siku hizi wako wazazi, tena wenye elimu na kazi zao, wasemao: surua iko wapi? Polio iko wapi? Mbona tusumbuliwe kupanga foleni kliniki kwa ugonjwa tusiouona? Swali hilo si la kipumbavu, na halifai kujibiwa kwa matusi. Jibu lake ni kwamba ugonjwa hauonekani kwa sababu waliotangulia walipanga foleni. Ndui peke yake ndiyo iliyokwisha, na ndiyo maana hatuchanjwi ndui. Hizo nyingine zimefukuzwa mlangoni tu, nazo zimekaa barazani zikingoja. Tarehe 25 Agosti, 2020, ilitangazwa kwamba Afrika haina tena polio ya asili. Mwezi wa Februari, 2022, ikagunduliwa kwa mtoto mmoja katika Malawi, ikiwa imetoka bara la Asia, na nchi jirani, Tanzania miongoni mwao, zikalazimika kuwachanja watoto kwa mamilioni. Ufa ulikuwa mtoto mmoja.

Tena twasema kwamba Bwana Ali hakuwa mjinga wala mbaya. Alikuwa kijana mwema aliyeogopa maumivu madogo, akaahirisha. Kila mmoja wetu amewahi kuahirisha namna hiyo. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Yeye aliudharau mwiba mdogo wa sindano, lakini tofauti yake na wengi ni kwamba baadaye hakuona haya kusema.

Basi twawaomba ndugu zetu wafanyakazi, akina baba na akina mama, mambo matatu yaliyo rahisi. Tazameni kadi za kliniki za watoto wenu leo jioni, mkaone kama pana mahali palipoachwa wazi. Mwonapo ugonjwa msioufahamu katika nyumba au jirani, msiufiche kwa kuona haya au kuogopa kutengwa. Mwambieni mganga wa zahanati, kama alivyosema yule muuguzi wa Merca na yule msichana wa Bhola. Na msikiapo uvumi juu ya chanjo, ulizeni hesabu kabla hamjaupeleka kwa mwingine, maana hata watu wa Boston walipiga kelele, na hesabu ikawashinda.

Na kama nyumbani kwenu yuko mzee mwenye kovu la ndui mkononi, mwambieni awasimulie siku aliyochanjwa. Huenda atakumbuka foleni ndefu chini ya mwembe, kilio cha watoto, na mchanjaji mwenye sindano yake fupi ya ncha mbili, ambaye jina lake halikuandikwa popote.